Deni la Enzi za Mjerumani

Mafundi kompyuta wa mitaani wana dawa moja kwa maradhi yote. Mashine ikiwa nzito, watapiga Windows. Ikijizima yenyewe, watapiga Windows. Spika zikikosa sauti watapiga Windows, kisha ndipo watagundua kwamba waya ulichomoka ukutani. Katika bidii yote hiyo, kuna swali ambalo fundi haulizi na mwenye mashine hakumbuki kuulizwa: je, zile programu za zamani zilizomo humo ndani zitakwenda wapi?

Mimi nililijua swali hilo kupitia kompyuta ya Ami. Ami ana duka la vipuri vya baiskeli Ngamiani, mjini Tanga, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Kompyuta yake aliinunua zama zile Windows 98 ikiwa ndiyo habari ya mjini: prosesa ya megahezi 166, kioo chenye mgongo mrefu kuliko upana wa meza, na juu ya kioo kitambaa cha kufuma alichokitandika mama mdogo kwa heshima ileile aliyoipa redio. Windows yenyewe Ami hakuwa na shida nayo. Alikuwa akiiona asubuhi inapowaka na jioni inapozimwa, wakasalimiana na kuachana.

Kitu alichokuwa nacho humo ndani kilikuwa kimoja tu, daftari la madeni. Liliandikwa kwa Turbo Pascal na kijana wa mtaa wa pili aliyekuwa nyumbani likizo ya chuo, na ujira wake ukawa baiskeli ya Phoenix, mpya, na kengele juu. Daftari lenyewe lilikuwa kioo cheusi na maandishi ya kijani. Kipanya hakikuwa na kazi. Ukibonyeza 1 unauza, ukibonyeza 2 unakopesha, ukibonyeza 3 unadai. Ami alikuwa akibonyeza 2 kwa kuguna na 3 kwa tabasamu, macho yakiwa kwa mteja, mkono ukijua njia wenyewe.

Lilikuwa na kasoro moja. Kijana yule alibana nafasi akahifadhi mwaka kwa tarakimu mbili, kisha akaiamuru programu iweke 19 mbele kila inapochapa risiti. Miaka ya tisini jambo hilo halikumsumbua mtu. Karne ilipogeuka, duka la Ami likarudi nyuma miaka mia moja. Mteja aliyekopa cheni na pedeli mwaka 2003 akaletewa karatasi inayosema anadaiwa tangu 1903. Akaisoma, akaikunja, akasema, "Mzee, hapa Tanga mwaka huo tulikuwa chini ya Mjerumani. Basi nitakulipa kwa rupia."

Mwalimu mstaafu wa historia, ambaye baraza ya duka ndiyo darasa lake jipya, akaweka chini kikombe cha kahawa na kutoa ufafanuzi ambao hakuna aliyeuomba: kwa mwaka 1903 rupia moja ilikuwa pesa 64, heller mia zikaja mwaka uliofuata, kwa hiyo asije mtu akadanganywa kwenye chenji. Deni likalipwa kwa shilingi. Kasoro ikabaki, na wateja wakaizoea.

Miaka ikapita. Watengenezaji wa Windows 98 waliacha kuihudumia mwezi Julai 2006, na Ami hakupata taarifa ya msiba. Ikaja XP, ikazeeka, nayo ikaachwa Aprili 2014, Ami akiwa hajapata hata kuiona. Alikuwa kama abiria aliyesinzia Segera akaja kuamkia stendi ya Tanga. Kwanza ikafa ile betri ndogo ya saa, ikawa kila asubuhi lazima akumbushe mashine leo ni lini. Halafu siku moja pakatoka harufu ya kuungua nyuma ya kasha. Mama mdogo akaondoa kitambaa chake cha kufuma. Hapo kila mtu akajua hali ni mbaya.

Nikaitwa mimi. Katika ukoo wetu, mtu yeyote anayefanya kazi ofisini mwenye kompyuta mezani ni daktari wa kompyuta, na kukataa ni utovu wa adabu.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Hii ikifa, nimekufa mimi."

Mtaani, habari za ugonjwa zilipokewa kwa moyo mwepesi. Watu ambao hawajakanyaga dukani tangu wakopeshwe rimu walianza kupita kumjulia hali mgonjwa. "Mzee, bado haijapona?" wanauliza, sura zimejaa huruma. "Tumwachie Mungu." Sijapata kuona kompyuta ikiombewa dua nyingi namna ile, na zote za kupumzika kwa amani.

Ami akanunua mashine mpya yenye Windows 7, akaleta na fundi. Kazi ya kwanza ilikuwa kuhamisha daftari. Flashi ikachomekwa kwenye mashine ya zamani: Windows 98 haiitambui flashi mpaka uiwekee programu yake maalumu ya kuitambulisha. Disketi zikajaribiwa: mashine mpya haina mahali pa kuzitia. Mwishowe fundi akafungua kasha, akaichomoa diski yenyewe, akaiunganisha kwa adapta. Madeni yote ya Ngamiani, tangu la kwanza hadi la juzi, hayakuzidi ukubwa wa picha moja ya simu. Ami alifadhaika kidogo. Alitarajia yachukue muda.

Fundi akabonyeza programu mara mbili. Dirisha likajibu kwa adabu kwamba faili hili halipatani na toleo hili la Windows. Sababu si fumbo. Daftari la Ami lilikuwa la biti 16, na mashine mpya ilikuwa na Windows ya biti 64, ambayo haina kabisa ile sehemu ya kuendeshea programu za DOS za biti 16. Windows ya biti 32 bado ilikuwa nayo. Fundi aliposikia hivyo uso ukamng'ara, maana dawa ilikuwa ileile. Akapiga Windows.

Safari hii daftari liliamka, likatoa mstari mmoja, likalala: kosa namba 200, kugawanya kwa sifuri.

Hapakuwa na mtu aliyegawanya chochote. Wajuzi wa Turbo Pascal wanalifahamu kosa hilo. Programu nyingi za aina hiyo, zinapoanza tu, hujipima: huzunguka patupu kwa kitambo cha sehemu ndogo ya sekunde na kuhesabu mizunguko, ili zijue mashine ina kasi gani. Walioziandika walikuwa na mashine za polepole. Prosesa ikianza kukaribia megahezi 200 na kuendelea, jibu la hesabu ile linakuwa kubwa mno, halienei kwenye nafasi liliyotengewa. Prosesa ikishindwa kugawanya kwa sababu hiyo, hupiga kengele ileile ya kugawanya kwa sifuri. Kwa Kiswahili cha dukani: kompyuta mpya ilikuwa na haraka mno kwa daftari la Ami.

"Imesema nini?" Ami akauliza.

"Sifuri," fundi akajibu.

Neno hilo lilitoka mlangoni kabla ya fundi kulieleza. Barazani likafika likiwa limenona: kompyuta ya mzee imepiga hesabu za mtaa mzima na jibu ni sifuri. Kabla ya magharibi mtu mmoja aliyekuwa akidaiwa tairi mbili alipita akiwa kifua mbele, akamsalimia Ami kwa sauti ya mtu asiyedaiwa.

Ikabidi kumtafuta mwandishi. Kijana wa Phoenix sasa ni mtu mzima, anaishi Muscat, ana kitambi na kampuni. Nikamwandikia WhatsApp. Jibu lake la kwanza lilikuwa, "Bado mnaitumia?" Jibu la pili lilikuwa kicheko. La tatu ndilo lililosaidia. Maandishi asilia ya programu, ambayo yangewezesha kuirekebisha, aliyaacha kwenye disketi katika mtoto wa meza ya Ami. Disketi tukaipata, imeota ukungu, na juu yake pameandikwa kwa kalamu "MUHIMU". Tukajua hakutakuwa na marekebisho. Daftari lingehama na kasoro zake zote, au lisihame.

Mtu wa Muscat akatuelekeza DOSBox. Hii ni programu inayoigiza kompyuta ya zamani ndani ya kompyuta mpya: prosesa yake, kioo chake, DOS yake. Inapatikana bure, na watengenezaji wake husema wazi kwamba wameikusudia michezo ya zamani, si shughuli za biashara. Ami hakujali. Alisema watu wanaokopa spoki wakalipa baada ya miaka sita nao wanacheza, kwa hiyo daftari lao limefika mahali pake.

Fundi, kwa tabia ya ufundi, akaifungulia kasi ya mwisho. Sifuri ikarudi. Ikabidi kuipunguza. Ndani ya DOSBox unashika Ctrl na F11, na kila ukibonyeza, mashine ya kuigiza inazidi kupoa. Fundi akabonyeza, akabonyeza, Ami amesimama nyuma yake mikono kiunoni.

"Ngoja kwanza," akasema. "Nimetoa pesa ninunue kompyuta ya kasi, na sasa mnaifunga breki?"

"Ndiyo, mzee."

"Halafu breki yenyewe mtanitoza?"

Lile giza likatanda kiooni, maandishi ya kijani yakatokea juu yake. Ami akavuta kiti. Akabonyeza 3. Majina yakaanza kushuka, yamekatwa palepale yalipokuwa yakikatwa siku zote kwa ufinyu wa nafasi. Barazani pakawa kimya. Yule wa tairi mbili akakumbuka kwamba ana mgeni nyumbani.

Ilibaki printa. Mashine mpya haikuwa na lile tundu pana la kuchomekea printa ya zamani, ile ya utepe inayochapa kwa makelele, na printa ya kisasa Ami aliikataa kwa hoja isiyojibika: yeye hutoa risiti yenye nakala ya kaboni, na kaboni haipokei wino, inataka kupigwa. Ukatafutwa waya wa kuziunganisha, likatafutwa na toleo la DOSBox lililofanyiwa marekebisho ili liweze kuchapa, na siku ya Jumanne printa ikalia hadi paka wa duka akahama.

Risiti ya kwanza ya mfumo mpya ilikuwa ya tyubu moja, mkopo. Tarehe: 04/11/1914.

Mteja alitaka kusaini. Mwalimu mstaafu akamzuia mkono.

"Usisaini. Tarehe nne Novemba 1914 ni katikati ya Vita vya Tanga. Waingereza wameteremka Ras Kasone na jeshi kutoka India, Lettow-Vorbeck anawangoja mjini, na nyuki wamechokozwa na risasi, wanauma jeshi zima. Kesho yake Waingereza wakarudi melini. Wewe siku hiyo ulikuja kununua tyubu?"

Mteja akafikiri. Akasema kwa hali hiyo ya usalama, hapana, asingetoka nyumbani.

Ami akamsogezea kalamu. "Tarehe ni ya Mjerumani. Tyubu ni yako." Akasaini.

Wako watakaocheka kwamba mwaka 2014 mtu alihangaika vile kwa programu ya kioo cheusi. Wacheke, lakini waangalie kwanza ofisini kwao. Mishahara, mahudhurio, hesabu za ghala: mara nyingi mahali fulani kwenye kona kuna mashine moja yenye karatasi iliyobandikwa "USIZIME", na inafanya kazi ambayo mashine mpya zote hazijui kuifanya. Mfumo endeshi hubadilishwa kwa siku moja. Kinachotutoa jasho ni kile tulichokijenga juu yake kwa miaka, na aliyekijenga yuko Muscat.

Tangu hapo Ami amehama tena. Windows 10 ilipofika ukomo wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, fundi alikuja mbio na habari za Windows 11, ambayo haina toleo la biti 32 hata moja na inadai kompyuta iwe na TPM 2.0. Ami akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamkabidhi flashi. Ndani yake kuna DOSBox, daftari, na orodha yote ya madeni iliyotolewa kama maandishi ya kawaida, yanayofunguka kwenye simu ya mtu yeyote. Nakala ya pili iko kwa mama mdogo, ndani ya kabati la vyombo vya wageni, mahali ambapo hakuna mtoto anayethubutu kugusa.

Basi nawe, kabla fundi hajakupigia Windows, mwulize programu zako za zamani zitaendeshwa wapi, na umtake akuonyeshe zikifanya kazi kwenye mashine mpya wakati ile ya zamani bado inapumua. Data zako zitoe katika maandishi ya kawaida, zikae zaidi ya mahali pamoja. Mwandishi wa programu akiwa hai, chukua namba yake ya simu. Na disketi uliyoiandika "MUHIMU", itazame leo.

Kama wewe ni mmoja wa wale waliokuwa wakimwombea mgonjwa, jina lako lipo, ingawa limekatwa mwishoni. Duka linafunguliwa saa mbili asubuhi, na Ami anapokea shilingi tu.