Utukufu wa GB 64

Wapo waliosifu majahazi, wapo waliosifu masultani, na wapo wanaomsifu yeyote anayelipa posho. Sijasikia aliyeisifu diski ya kompyuta iliyojaa mpaka mstari wake ukawa mwekundu. Mimi nimekaa na mmoja wa ukoo huo nyumbani kwa miaka miwili, nikala naye na kuamka naye, kwa hiyo naona deni hili ni langu.

Tulikutana Kariakoo. Nilitafuta laptopu moja ya nyumba nzima: mimi na maandishi yangu, mke wangu na mahesabu ya kikoba, watoto na mitihani ya miaka ya nyuma. Muuzaji alinitolea mbili za bei moja. Ya kwanza ilikuwa mtumba kutoka Ulaya, nene, herufi A imefutika kwa kubonyezwa, ndani ina SSD ya GB 256. Ya pili ilikuwa mpya, nyembamba kama chapati ya mgahawani, nailoni bado iko kwenye kioo, GB 64.

“Nafasi itatosha?” nikauliza.

“Ya nyumbani tu, bosi? Hiyo nafasi utaichoka.”

Nikaitazama ile A iliyofutika. Nikaitazama nailoni. Nikachukua nailoni. Na niseme haki ya Mungu, muuzaji hakunidanganya. Mwezi wa pili nilikuwa nimeshaichoka.

Sifa yake ya kwanza ni unyenyekevu. Kwenye boksi imeandikwa GB 64, lakini ukiiuliza yenyewe inajitaja 59. Siri ni kwamba watengenezaji huhesabu giga moja kuwa baiti bilioni moja kavu, ilhali mfumo wa kompyuta yangu huhesabu 1,024 mara 1,024 mara 1,024, ambazo ni bilioni moja na milioni 73 na ushee. Wakulima wetu wanaijua lumbesa, gunia linalovishwa kilemba ili mnunuzi aondoke na zaidi. Hii ni lumbesa iliyokwenda shule: kilemba kiko kwenye maandishi ya boksi, gunia lenyewe limepwaya. Na kadiri unavyonunua gunia kubwa ndivyo linavyopwaya. Diski ya TB 1 hujitaja GB 931.

Ya pili ni kiasi. Toleo la mfumo lililotoka Oktoba 2021 linadai hifadhi isiyopungua GB 64, nayo inazo 64. Alama ya kufaulu, bila hata moja ya ziada. Siku ya kwanza, kabla sijaandika jina langu, ilikuwa imebaki na GB 27 huru. Mfumo ukijisasisha, ule wa zamani haufukuzwi; unakaa eda siku 10 ndani ya nyumba ileile. Haina feni, haipigi kelele. Tuendelee.

Maana sifa yake kuu, ambayo ningeomba ichongwe kwenye jiwe la msingi, ni kwamba imerudisha baraza nyumbani kwetu. Kabla yake kila mtu alikuwa anakula huku macho yako kwenye simu yake. Sasa kila Jumapili baada ya chakula laptopu huwekwa juu ya stuli sebuleni, mstari mwekundu unatutazama, nasi tunakaa kuamua nani aondoke. Mke wangu ni mwendesha mashtaka. Kijana wa kidato cha pili ni shahidi mtaalamu, hupanga mafaili kwa ukubwa na kusoma majina yao kwa sauti ya mahakamani. Binti ni karani. Mama yangu, aliyehamia kwetu baada ya kuumwa miguu, ndiye mzee wa baraza, na neno lake halikatiwi rufaa. Mimi ni mshitakiwa.

Tumesikiliza kesi nzito. Kesi ya picha 212 za keki moja, ambapo keki ilishindwa. Kesi ya sauti za shangazi za WhatsApp, dakika saba kila moja, sita zikiwa salamu. Baraza liliogopa kutoa hukumu. Kesi ya Ripoti Mwisho, Ripoti Mwisho Kabisa na Ripoti Mwisho Hii Ndiyo, ambayo iliahirishwa mara tatu kwa sababu mwenyewe sikuweza kuapa ipi ndiyo. Nchi zimewahi kugawana mali kwa busara ndogo kuliko ile. Mwanangu sasa anajua kubishana bila kupaza sauti, binti anaandika kumbukumbu safi kuliko makatibu wengi wa vikao ninavyohudhuria, na mama amejua maana ya folda.

Siku iliyotupatia sifa zaidi ilikuwa ya video ya harusi ya mdogo wangu. Flashi aliyopewa na mpiga video alikuwa ameshaitia nyimbo za gari, kwa hiyo nakala ilikuwa kwetu, vipande vitatu, kila kimoja karibu GB 4. Kipande cha pili kilikuwa foleni ya chakula. Dakika 40 za watu wakishika sahani. Kipya hapo kilikuwa kimoja tu, mjomba wangu, kaka yake mama, aliyepita kwenye pilau mara mbili, mara ya pili amevua kofia asitambulike, akafika mbele ya kamera akacheka mpaka mabega yakamcheza.

“Huyo anatuaibisha,” mama akasema. “Futa.”

Hapakuwa na kura ya kupinga. Nikabonyeza mimi mwenyewe, nikalimwaga na pipa la taka. Mstari ukageuka buluu. Tukapiga makofi.

Baada ya hapo, kwa tamaa, nikaipeleka laptopu kwa fundi aniongezee nafasi. Alifungua mfuniko, akamulika kwa tochi ya simu, akanionyesha kipande cheusi kisichozidi ukucha wa kidole gumba. “Diski yako hii hapa, mzee. Imechomelewa kwenye bodi.”

“Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo muishi kwa amani.”

Imechomelewa! Yaani mtu mzima, mwenye shahada na mshahara, alikaa mezani akakubaliana na wenzake kwamba kitu hiki kizaliwe kikiwa karibu kimejaa, na kisiongezwe kamwe. Ile ya mtumba, nene, yenye A iliyofutika, diski yake inatoka kwa skrubu. Ningebadilishiwa huku nakunywa soda.

Na wiki hiyohiyo, pembeni mwa kioo, ukaja ujumbe wenye adabu zote: nafasi inakwisha, je, ungependa kununua zaidi kwenye wingu? Hapo nikaelewa ukarimu wao. Wamekujengea chumba, wakakijaza makabati yao, kisha wanakupangisha stoo ya jirani. Giga chache za mwanzo ni za kuonja, kama tende ya muuza tende. Halafu kodi ya kila mwezi. Na kwenda kuchungulia vitu vyako mwenyewe huko stoo unalipa nauli, ambayo sisi tunaiita bando. Kodi ikichelewa, hupokelewi tena na mzigo.

Wala si jambo jipya. Mwaka 1956 IBM ilipotoa 305 RAMAC, mashine ya kwanza ya biashara kuwa na diski ngumu, ilikuwa na sahani 50 zilizohifadhi herufi milioni 5, nafasi ya picha moja ya keki kwa hesabu za leo. Kampuni ziliikodi kwa dola 3,200 kwa mwezi. Mwaka 1983 kampuni hiyohiyo ikatoa PC XT, na ndani ya boksi lake diski ya MB 10, mali ya mwenye boksi. Kutoka mashine ile ya kupanga hadi boksi hili la kumiliki ni miaka 27. Kurudi kwenye kupanga tumerudishwa kwa ujumbe mmoja mdogo wa pembeni, na kitufe cha kukubali ndicho kilichokolezwa rangi.

Mjomba alifariki mwezi wa tatu mwaka huu. Kwa ajili ya arobaini, ndugu walitaka picha yake ya kuweka ukumbini, na tulizonazo zote amekaza uso kama anayepigwa ya pasipoti. Mama alikaa kimya siku mbili, kisha akaniuliza kama kile kipande cha foleni hakiwezi kurudi.

Nikampigia mpiga video. Nikaweka spika ili mama asikie mwenyewe.

“Dah, poleni sana, kaka,” akasema. “Nilikuwa nayo mpaka majuzi hapa. Nikaja kufuta. Kompyuta ilijaa.”