Itifaki Imezingatiwa, Sasa Tumsifu Kutu

Nimehudhuria hafla nyingi, na katika nyingi nimesikia watu wakisifiwa kwa sifa zilizokwisha kabla soda haijapata moto. Amesifiwa mheshimiwa kwa kisima ambacho hakijatoa tone. Amesifiwa bwana harusi kwa uvumilivu, na ndoa ina saa nne. Sijawahi kusikia mshereheshaji akimwita mbele Kutu, avishwe shada la maua na kupewa kiti chenye kitambaa cheupe. Leo nasimama kuiondoa dhuluma hiyo. Itifaki naomba ichukuliwe kuwa imezingatiwa, tuokoe muda.

Nina haki ya kumsemea. Nimekaa naye miaka mitatu chini ya mwembe, nyuma ya nyumba yetu hapa Tanga, mimi nimelala chali, yeye ananidondokea machoni.

Kilichotukutanisha ni Land Rover 109, Series III ya mwaka 1978, iliyostaafu kutoka shamba la mkonge upande wa Muheza. Aliyeniuzia aliniapia kwamba Land Rover haishiki kutu, maana bodi yake ni aluminiamu. Hakudanganya. Alisema nusu ya ukweli, na kwenye biashara ya magari nusu ya ukweli ndiyo inayopata wateja. Bodi kweli ni aluminiamu. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alipolichora gari hili mwaka 1947 (inasimuliwa kuwa alilichora kwenye mchanga wa ufukwe wa Anglesey kule Wales), Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilitolewa kwa mgao. Aluminiamu ilipatikana kwa urahisi zaidi. Likaoneshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948 likiwa na vazi lisiloshika kutu. Mifupa lakini ilibaki chuma: chesisi, ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva, mikono ya pembeni inayobeba bodi. Mtu kashonewa kanzu isiyochafuka, tumboni ana minyoo.

Siku ya kulileta nyumbani Kutu alijitambulisha mwenyewe. Kwenye mteremko, bomba la breki lililokuwa limeliwa hadi kuwa jembamba kama ganda la kitunguu likapasuka. Nikakanyaga, pedali ikazama. Nikakanyaga tena kwa uzito wangu wote, kisigino kikashuka hadi sakafuni, na sakafu, ambayo nayo ilikwisha kuliwa chini ya zulia la mpira, ikakipisha. Nikaiona lami ikikimbia chini ya kiatu changu. Ua la michongoma la mtu mmoja mwema ndilo lililotusimamisha.

Wako watakaomlaumu Kutu kwa hilo. Mimi nauliza: kati ya wote waliokuwamo katika biashara ile, muuzaji, dalali, na yule fundi aliyelikagua gari kwa kulipiga konzi mlangoni akisema "hiki chuma hiki", nani alinieleza hali halisi? Kutu peke yake. Na hakudai chai.

Fundi niliyempata baada ya hapo ni mzee ambaye mikono yake ina oili isiyotoka hata sikukuu ya Idi. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia "Marahaba mwanangu" bila kunitazama. Alikuwa anaitazama chesisi. Akachukua nyundo ndogo, akaanza kugonga kutoka mbele kurudi nyuma, sikio amelitega kama daktari kwenye kifua cha mtoto. Ngee. Ngee. Ngee. Chuma kizima hulia hivyo. Alipopita tairi la mbele kushoto ikawa ngo. Mbele kidogo ikawa po. Akapiga pale pale mara ya pili, na kichwa cha nyundo kikaingia chote ndani. Alipoichomoa ukamwagika unga mwekundu, kisha magamba kama ya samaki aliyeparwa, kisha udongo mkavu wa Muheza, kiota cha nyigu, na mwishoni nyuzi tatu nne za mkonge. Mzee akaziokota, akanitia kiganjani.

"Hizi ndizo zilizokuwa zinashikilia gari lako," akasema.

Nikacheka, halafu nikaacha.

"Livue lote. Libaki chesisi tupu. Kidonda hakitibiwi juu ya nguo."

Hapo ndipo nilipoanza kuuona ukubwa wa Kutu. Chesisi ya Land Rover hizi za zamani ni sanduku refu: vipande vya bati la chuma, unene wake milimita 2 hivi, vimechomelewa kingo kwa kingo, na Rover walifanya hivyo ili wasiingie gharama ya mashine kubwa za kukunjia chuma. Ndani ni tupu. Matundu ya kutolea maji yapo, lakini matope huyaziba, na matope yaliyoloa yakishakaa ndani, hewa ya bahari ikaongeza chumvi yake, kazi huanza ndani kuja nje. Kutu akivimba huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma alichokila, kwa hiyo husukuma, hupanua, hutenganisha mabati yaliyoungwa na wazungu wenye vyeti. Kwa nje rangi inang'aa. Mchwa akiufanyia mlango hivyo tunasema ana bidii. Kutu hana malkia, hana jeshi, hana hata meno, na tunamwita uharibifu!

Aluminiamu nayo isijione imeponea. Ibane na bolti ya chuma, ipitishie unyevu wa chumvi, na ni yenyewe itakayoliwa kwanza, igeuke unga mweupe kama wa muhogo. Huyo lakini si Kutu mwenyewe. Ni binamu yake.

Na tumtaje ukoo, maana sifa bila nasaba ni tangazo la biashara. Kutu ni chuma kilichokutana na maji na oksijeni. Hematiti, jiwe la chuma linalochimbwa migodini, nayo ni chuma na oksijeni, ndugu yake wa damu. Udongo mwekundu unaokuharibia soksi ukipanda Lushoto ni wa ukoo huo, na hata sayari ya Mirihi inaonekana nyekundu kwa sababu hiyo. Wahaya kule Kagera waliyeyusha chuma yapata miaka 2000 iliyopita, na jirani zetu Wapare walijulikana kwa kazi hiyo. Walichokifanya tanuruni, kwa mkaa na mivukuto, ni kulipokonya jiwe oksijeni yake. Viwanda vya Ulaya vikafanya yale yale kwa moto mkubwa zaidi. Tangu hapo chuma ni mtoto aliyepelekwa shule ya bweni. Amenyooshwa, amenyolewa, amevalishwa sare, lakini moyo uko nyumbani. Kutu ni mjomba aliyekuja kumchukua. Sisi tunaosimama getini na brashi la waya ndio tunaomzuia mtoto wa watu.

Sasa nirudi kwenye ukweli wake, maana hapo ndipo ninapompendea. Tulipobandua rangi kwenye ukuta wa mbele, pembeni mwa miguu ya abiria, tulikuta puti ya unene wa vidole viwili. Nyuma ya puti kulikuwa na waya wa chujio la dirishani. Nyuma ya waya, gazeti. Gereji fulani, miaka mingi iliyopita, ililipwa hela nzuri kuchomelea pale, ikajaza gazeti na kupaka rangi ya kijani. Kipande kilichobaki kilikuwa na habari ya mechi ya Simba na Yanga, ila matokeo yalikuwa kwenye nusu iliyooza. Watu wote walioligusa gari hili kabla yangu walificha kitu. Mimi mwenyewe, niseme kweli, wiki ya pili nilimuuliza mzee kama hatuwezi kupitisha lami tu kwa chini, ikatosha. Alinitazama kama mtu aliyesikia harufu mbaya na hataki kusema inatoka wapi. Chini ya tabaka zote za uongo huo, Kutu alikuwa ameketi pale pale tatizo lilipo, rangi yake haifanani na kitu kingine, anangoja aulizwe.

Halafu kuna suala la ndoa. Anayedhani ndoa za siku hizi zimelegea aje afungue bolti ya springi. Bolti hiyo hupita katikati ya bushi ya mpira yenye kijibomba cha chuma ndani yake, na Kutu huwafungisha ndoa bolti na kijibomba, ndoa isiyojua talaka. Tuliwamwagia dizeli iliyochanganywa na oili ya breki, wakalala nayo usiku kucha. Hawakuachana. Tukachoma kwa gesi hadi mpira ukatoa moshi mweusi uliowatoa majirani ndani wakiwa na ndoo. Kijana msaidizi akachomeka bomba la mita moja kwenye mkono wa spana, akaning'inia kama popo, bolti ikazunguka, tukashangilia. Kumbe ilikuwa imezunguka na mwenzake. Kilichochanika ni mpira uliowazunguka. Wakwe ndio walioumia. Siku ya tatu tukaleta grenda. Gari zima lina bolti 12 za namna hiyo.

Amenitengenezea na jina mtaani. Zamani mke wangu alikuwa akipiga simu jioni kuuliza niko wapi. Siku hizi anachungulia dirishani, anaona viatu viwili vimetokeza chini ya gari, anarudi kwenye mboga yake. Mnunuzi wa chuma chakavu hupita kila Jumamosi na mkokoteni na mizani. Husimama, hunisalimia kwa heshima zote, huulizia afya ya gari kwa sauti ya mtu anayengoja mirathi.

Hata serikalini nilienda kwa ajili yake. Ofisi moja ilitaka kuona namba ya chesisi, ambayo imegongwa kwenye kikono cha springi ya mbele kulia. Kutu alikuwa ameitandikia blanketi. Nikasugua kwa hofu, maana kila unaposugua unaondoa kutu na namba pamoja. Zikatoka tarakimu zote isipokuwa moja, ambayo ukiwa na moyo mweupe ni 3 na ukiwa na wasiwasi ni 8. Karani aliitazama picha kwa muda mrefu, akaniambia nirudi wiki ijayo mkubwa wake akiwepo. Nilirudi wiki tano. Kutu amefanya kazi kwenye kikono kile zaidi ya miaka 40, mchana na usiku, na hajawahi kumwambia mtu arudi kesho.

Maadui zake wenyewe wanamkubali kimyakimya. Angalia ile praima nyekundu ambayo mafundi wanaiita redoksaidi, ya kwanza kupakwa kwenye chuma kilichosuguliwa. Wekundu wake unatoka wapi? Ni oksidi ya chuma. Yaani tunampaka Kutu aliyesagwa vizuri ili Kutu mwingine asisogee, kama mtu anayeajiri mwizi mstaafu kuwa mlinzi. Mzee nilipomweleza hilo alisema alijua siku nyingi, ndiyo maana hupaka mara mbili.

Zinki ndiye mpinzani wa heshima, kwa sababu hukubali kuliwa yeye kwanza ili chuma kipone. Uingereza huuzwa chesisi mpya zilizochovywa nzima ndani ya zinki iliyoyeyuka, kwenye joto la nyuzi 450 hivi. Nilimtajia mzee bei, nikajumlisha meli na ushuru. Akauliza kama inakuja na dereva. Kwa hiyo sisi tulikata palipooza hadi tukafikia chuma kinacholia ngee, tukachomelea viraka vya bati nene, tukasugua, tukapaka, na mwisho tukamimina oili chafu ndani ya sanduku lote, mzee akiliinamisha kwa jeki huku na huku ili ifike kila kona. Shati langu la kazi halijatakata hadi leo. Mke wangu amelipa msumari wake nje ya mlango.

Waswahili walionya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa Kutu usiogope. Msifu au mtukane, kasi ni ile ile, isipokuwa masika.

Gari lilisimama kwa magurudumu yake mwezi uliopita. Tulilivalisha bodi, tukaliwasha, likakohoa mara mbili na kuitikia, watoto wa mtaa wakalikimbiza hadi barabarani. Jumapili iliyofuata, asubuhi, nilitoka na kikombe cha chai kulizunguka kama wafanyavyo wenye magari. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye boriti ya nyuma, pembeni mwa kichwa cha bolti ambacho kijana alikikwaruza kwa spana akidhani sikumwona, kulikuwa na doa la rangi ya chungwa, dogo kama punje ya mtama.

Nikaweka kikombe chini, nikachuchumaa.

"Shikamoo," nikamwambia. Kisha nikamwita kijana alete brashi la waya.