Neno la Shukrani kwa Kipimajoto cha Mlangoni



Nimesimama kumshukuru mjumbe ambaye hakuandikwa kwenye ratiba, hakusaini posho, wala hakupewa hata fulana ya mkutano. Namzungumzia kipimajoto cha mlangoni, ile bastola nyeupe ya plastiki iliyotulenga kwenye paji la uso tangu mwaka 2020, kila tulipoingia ukumbini kujadili maendeleo. Barakoa zimesifiwa, chanjo zimesifiwa, hata tangawizi na nyungu zimepata watetezi. Yeye amesahauliwa kwenye droo ya mapokezi, betri zinamvujia tumboni. Si haki.

Na si mtu wa juzi. Mwaka 2003, wakati wa mlipuko wa SARS, vipimajoto vya ukoo wake vilikuwa vikilinda viwanja vya ndege vya Asia. Mwaka 2014 alikuwa Afrika Magharibi, kwenye Ebola. Huko alikuwa na hoja, maana mgonjwa wa Ebola huambukiza akishaanza kuugua, na homa ni miongoni mwa dalili za mwanzo. Hata hivyo, Septemba ya mwaka huo abiria mmoja alipimwa uwanja wa ndege wa Monrovia, ikasomeka 36.3, akaruhusiwa kusafiri. Siku chache baadaye alilazwa Dallas, Marekani, akiwa na Ebola. Wenye kisirani watasema kipimajoto kilidanganya. Hakikudanganya! Siku ile abiria hakuwa na homa. Kipimajoto huulizwa joto, nacho hujibu joto, mengine hayakihusu.

Korona ikaja na tabia tofauti. Mwenye virusi aliweza kuwaambukiza wenzake siku moja au mbili kabla hajajisikia vibaya, na wapo ambao hawakujisikia vibaya kabisa. Mjumbe wetu hakubabaika. Aliwapima wagonjwa na wazima kwa adabu ileile, wote akawakaribisha. Aliyemeza Panadol ndani ya teksi naye akapita, tena akiwa na namba nzuri kutushinda sisi.

Namba zake zilikuwa burudani. Mshiriki aliyetembea kutoka kituo cha daladala kwenye jua la saa sita alisomeka 37.9, akaketishwa kivulini apoe, kisha akapimwa tena na kuhesabiwa amepona. Mheshimiwa aliyeshuka kwenye gari lenye kiyoyozi alisomeka 33.8. Madaktari wanasema joto la mwili likishuka chini ya 35 ni hatari, mtu akimbizwe hospitali. Mlinzi wetu alimwambia, "Uko vizuri mama, karibu." Na alikuwa sahihi, kwa kuwa kifaa husoma ngozi tu, na ngozi ilikuwa imetoka kwenye baridi ya gari. Kuna waliosikia uvumi kwamba bastola hiyo inaua ubongo. Haipigi mionzi, hupokea tu joto linalotoka kwetu, lakini nani angebishana nao mlangoni? Walinyoosha mkono, wakapimwa kiganjani, maisha yakaendelea.

Lakini sifa yake kubwa, Ndugu Mwenyekiti, ni kwamba alitutua mzigo. Fikiria mwandaaji wa mkutano angefanya nini bila yeye. Angepunguza washiriki nusu, na hapo wakubwa wangenuna. Angefupisha hotuba ya mgeni rasmi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya akabaki kazini. Angehamishia chai nje, chini ya mwembe. Kipimajoto alidai betri mbili na kijana wa kumshika, na tukishapita kwake tulijiona tumetakasika.

Ndani sasa. Madirisha yamefungwa, mapazia yameshushwa ili projekta ionekane, kiyoyozi kinaturudishia pumzi zetu wenyewe zikiwa zimepoa. Daftari la mahudhurio linazunguka na kalamu moja, na hakuna anayekataa kuishika, kwa sababu bila sahihi hakuna posho. Mgeni rasmi anavua barakoa ili asikike vizuri, ingawa ana maikrofoni, anahutubia kwa muda mrefu na kwa nguvu. Sisi tuliokaa kimya ndio tuliofunikwa. Ikifika saa ya chai barakoa zinashuka kidevuni, na ile mita moja na nusu iliyobandikwa sakafuni kwa utepe wa njano inakufa mbele ya sinia la sambusa.

Dirisha nalo lilijaribu kugombea heshima hii. Julai 2020 wanasayansi 239 waliunga mkono barua ya wazi iliyoeleza kwamba virusi vinaweza kusafiri hewani ndani ya vyumba, kwa hiyo hewa ibadilishwe. Watetezi 239, wote wasomi! Halikushinda. Dirisha halina taa ya kijani wala halilii, na huwezi kupiga nalo picha ya ripoti. Kipimajoto kwenye paji la mgeni rasmi, hiyo ndiyo picha ya ukurasa wa kwanza.

Wenzetu wa Glasgow, kwenye mkutano wa tabianchi wa COP26 wa mwaka 2021, walitaka mambo makubwa. Kila mjumbe ajipime kwa kijiti cha puani kila siku, kisha atume majibu yake mwenyewe kabla ya kuingia. Yaani walitegemea neno la mjumbe wa mkutano wa kimataifa, nami sitasema zaidi. Ndani kila chumba kiliwekewa kikomo cha watu. Nje, siku za mwanzo, wajumbe walibanana kwenye foleni ndefu wakisubiri kuingia kwenye usalama huo. Sisi foleni yetu ilikuwa fupi. Sekunde moja, tiii, pita.

Mei 5, 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona si tena dharura ya kimataifa, na mtumishi huyu akastaafishwa bila hafla. Kwa hiyo napendekeza mkutano huu uazimie yafuatayo: kipimajoto anunuliwe betri mpya, arudishwe mlangoni mlipuko ujao ukitokea, na apigwe picha na viongozi wote. Na kama bajeti itaruhusu, baada ya wakubwa kuondoka, mtu afungue dirisha moja.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.