Mrehani wa Kigoma

Wataalamu wa bustani hutufundisha kwamba tawi la mrehani lenye urefu wa sentimita 10 hadi 15, likikatwa chini kidogo ya kifundo, likapukuswa majani ya chini na kutiwa katika maji safi yanayobadilishwa mara kwa mara, hutoa mizizi kabla ya majuma mawili kutimia. Na mafundisho hayo ni kweli tupu, ila yamenyamaza juu ya jambo moja, nalo ni hatima ya vyombo vya nyumba iliyolikaribisha tawi hilo.

Shangazi wa mke wangu anakaa Kigoma, na ingawa baina yetu naye pana Ziwa Tanganyika, ambalo kwa kina hushindwa na Baikal peke yake duniani, kina hicho hakijapata kuuzuia ukarimu wake. Kila apatapo habari ya chombo king'oacho nanga kuja Bandari ya Bujumbura, humkabidhi baharia mafungu ya mrehani na nanaa yaliyoviringishwa katika kitambaa kibichi, pamoja na salamu ndefu kuliko mafungu yenyewe. Laiti angalituma na vyombo vya kuyatilia! Bilauri zetu za wageni zikajipanga dirishani, kila moja na matawi yake, tukawa twanywa maji kwa vikombe vya chai, na chai kwa bakuli za uji, na uji wenyewe, Mungu atusitiri, kwa zamu.

Jioni moja, umeme umekatika na sala ya magharibi imekwisha, akatuzuru mzee mmoja wa mtaa wa Buyenzi, mtu mwenye haiba na masharubu maridhawa, ambaye kwa kiu aliyokuwa nayo hakungoja kuhudumiwa, bali alinyosha mkono gizani hadi dirishani, akainua bilauri, akayasukuma kando majani yaliyompapasa pua, akanywa mpaka tone la mwisho. Akashusha pumzi, akamwambia mke wangu, “Mwanangu, maji yenu yana harufu ya harusi, niongezee.” Naye, kwa adabu alizolelewa nazo, akamwongezea, safari hii ya nanaa. Umeme uliporudi tukaona mzizi mweupe umening'inia masharubuni, na hapana aliyethubutu kuutaja.

Mimea yenyewe, kwa haki, haina lawama. Nanaa huota hata kwa mtu mvivu. Mrehani hukataa tu ukikatwa umekwisha kuchanua, maana nguvu zake zimekwenda kwenye mbegu. Rozmari, ambao tawi lake ni gumu na mizizi yake haina haraka, hupendelea mchanga wenye unyevu, basi huo haukutunyang'anya bilauri.

Amma mchaichai ni kadhia nyingine. Huo hugawanywa shinani, kila bua na kipande chake cha mzizi, nasi tuliupanda nyuma ya ua, upande wa ziwa. Sasa mchaichai, pamoja na manukato yake yote, ni wa ukoo wa nyasi, na viboko wa Bujumbura hutoka majini usiku kutafuta nyasi; na mwaka 2024, maji ya ziwa yalipofurika hadi bandarini, safari yao ilifupika sana. Kiboko huweza kula kilo 40 za majani kwa usiku mmoja, kwa hiyo nadhani yule aliyetujia bustani yetu aliihesabu kuwa kionjo. Mlinzi wa jirani, alipoulizwa mbona hakumfukuza, alijibu, “Mzee, nimfukuze kwa fimbo ipi?” akaongeza kwamba mnyama alikula kwa utaratibu, kama aliyealikwa.

Lakini kiboko hukata nyasi kwa midomo, hazing'oi, na mchaichai huchipua kutoka shinani. Ukarudi mnene kuliko kwanza, hata majirani wakaja kuuliza tumetumia mbolea gani. Tukawaonyesha ilipo, wakaenda zao kimya.

Basi, msomaji utakaye mche, wa mrehani au nanaa au mchaichai, njoo, hapana bei. Ila uje mchana, na uje na chombo chako.