Nakimbilia Choo

Ukitaka Mtanzania atoe fedha, mwandalie harusi. Atapokea kadi, ataandika ahadi, atakumbushwa, atalipa kwa awamu, na siku yenyewe atakaa ukumbini akitafuna paja la kuku na kuhesabu kwamba fedha yake imerudi. Lakini mwambie unakimbia kilomita 42 ili shule ijengewe vyoo, uone atakavyokutazama. Kwanza atakuuliza kama umekosa nauli.

Wenzetu wa London wameshazoea. Mbio zao zilianza mwaka 1981, na hadi leo watu wazima hukimbia wakiwa ndani ya vazi la faru huku majirani wakiwachangia bila kuuliza pilau itakuwepo. Sisi hatujafika huko, na sioni kama tuna haraka ya kufika.

Shule ya msingi niliyosoma ina watoto wengi na matundu machache. Mwongozo wa serikali unataka tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Pale kwetu kengele ya kurudi darasani hulia foleni ikiwa bado imezunguka mwembe. Nikajisajili Kilimanjaro Marathon, zile mbio za Moshi zilizoanza mwaka 2003, ambazo huja kila mwaka kuelekea mwisho wa Februari. Kisha nikaandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: "Ndugu zangu, nakimbilia choo. Naomba mniunge mkono."

Shangazi akawa wa kwanza kujibu. "Pole sana mwanangu. Jana ulikula nini?" Binamu akashauri maji yenye chumvi na sukari. Mwingine akasema mambo ya namna hiyo si ya kutangaza kundini, kuna wakwe humu.

Nilipofafanua, mjomba akauliza swali ambalo ningelisikia hadi siku ya mbio: "Utashika namba ngapi?"

Nikamwambia hivi: Alphonce Simbu alichukua dhahabu ya dunia kule Tokyo mwaka 2025 kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akimpita Mjerumani kwa sehemu tatu tu za mia za sekunde. Mimi kwa muda huo sitakuwa hata nimeiona nusu ya safari.

"Sasa kama hushindi, Moshi unafuata nini? Watu huenda Moshi Desemba."

Shangazi, Mungu amweke, alikubali kutoa shilingi 1,000 kwa kila kilomita. Ila alitaka kujua kwa nini mbio zenyewe ni kilomita 42 na mita 195, hivyo vichenji vya nini. Nikamweleza kwamba urefu huo ulitokana na Olimpiki ya London ya mwaka 1908, mbio zilipoanzia kwenye kasri la Windsor na kumalizikia uwanjani mbele ya jukwaa la familia ya kifalme.

"Kwa hiyo mita 195 ni za mfalme?"

"Tuseme hivyo, shangazi."

"Basi azilipie mwenyewe."

Akatuma 42,000 kamili.

Mke wangu ndiye aliyeona tatizo. "Unaomba kizungu," alisema. "Unda kamati." Jumapili iliyofuata sebule yangu ilikuwa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina na kreti la soda. Ajenda ya kwanza ilikuwa chakula, na ndiyo iliyomaliza kikao. "Mchango usio na chakula ni kodi," alisema mwenyekiti, na sijawahi kusikia sera ya fedha ikielezwa vizuri zaidi ya hapo. Ikapitishwa kwamba nikirudi kutapikwa pilau. Ahadi zikaanza kumiminika. Katika hotuba ya kufunga, mwenyekiti alimkumbusha kila mtu John Stephen Akhwari, aliyeingia uwanjani Mexico City mwaka 1968 akiwa wa mwisho, mguu umefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Nilielewa kwamba kamati imeshanipangia nafasi.

Kamati ikachapisha pia fulana. Kifuani, kwa herufi kubwa nyekundu: NAKIMBILIA CHOO.

Mazoezi ya Dar es Salaam yana sheria zake. Alfajiri usikimbie nyuma ya mtu, maana mtaa unaweza kuamua wewe ni mwizi au yeye ndiye mwizi, na hakuna muda wa kufafanua. Jua likichomoza wanaamka bodaboda. Mmoja alinifuata kutoka Kinondoni akipunguza nauli taratibu, buku mbili, buku, jero, mwishowe akasema, "Panda tu bosi, nakusaidia." Kumkatalia mtu anayekuhurumia kiasi hicho ni kazi kuliko kukimbia.

Kisha kuna tumbo. Mtu akikimbia muda mrefu, damu huhama kutoka tumboni kwenda kwenye misuli, na matumbo hubaki yanatikiswa bila msimamizi. Yangu yaligoma nikiwa katikati ya Daraja la Tanzanite. Daraja lile lina zaidi ya kilomita moja juu ya bahari, upepo safi, mandhari ya kupigia picha za harusi, na hakuna pa kujificha hata mjusi. Namna nilivyofika upande wa Coco Beach haihusiani na riadha. Kulikuwa na mgahawa ambao haujafunguliwa, na mlinzi mwenye sura ya kukataa. Nilifungua mdomo nijieleze. Akasoma kifuani, akafungua geti, akanionyesha kwa kidole.

Moshi yenyewe sina mengi ya kusema. Nusu ya kwanza watu walinishangilia. Nusu ya pili barabara inapanda kuelekea Mweka, na huko bibi mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani alinipita, akageuka na mkungu wake haukutikisika, akasema, "Pole baba. Si upumzike?" Nilimaliza. Muda nilioutumia unajulikana na kamati.

Pilau ilipikwa, ikaliwa na wengi kuliko waliolipa, wakiwemo wawili ambao mpaka leo hatujajua ni ndugu wa nani. Hata hivyo shimo limechimbwa, ukuta umefika kwenye lenta. Yamebaki mabati na milango, na vyoo vya wasichana bila milango si vyoo. Kwa hiyo mlioandika ahadi mkala na nyama, akiwemo mjomba, namba ya mweka hazina ni ileile. Mkituma, wekeni na ya kutolea.