Alama 3 kwa Kila Hati: Barua ya Wazi kwa Baraza la Mawakili la India

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza,
New Delhi.

Mwombaji katika barua hii ni mwandishi wa magazeti wa Dar es Salaam, mtu mzima mwenye akili timamu, na kwa heshima zote anaeleza kama ifuatavyo. Anajitaja kwa nafsi ya tatu kwa makusudi. Ndivyo hati za mahakamani zinavyoandikwa, na kwa kanuni za Baraza zoezi moja la uandishi wa hati lina alama 3. Hataki kuzikosa.

Baraza huenda likauliza mtu wa Dar es Salaam ana haki gani ya kupeleka maombi New Delhi. Anayo, tena ya kurithi. Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860 ilitumika Tanganyika na Kenya hadi mwaka 1930. Sheria ya Mikataba ya Tanzania imechotwa kwenye ile ya India ya 1872, Sheria ya Ushahidi ya 1967 imefuata nyayo za ile ya India ya 1872, na Sheria ya Mwenendo wa Madai ya 1966 imefuata ile ya India ya 1908. Wakili anayesimama katika mahakama ya Kisutu leo kubishania uhalali wa mkataba chini ya kifungu cha 10 anatumia karibu maneno yaleyale ambayo mwanafunzi wa sheria wa Pune huyakariri, na kifungu chenyewe kina namba ileile. Tumekula kutoka jikoni kwenu miaka mingi. Si vibaya kuchungulia chunguni.

Pongezi zitangulie. Zamani kijana wa India alisoma sheria kwa miaka 3 baada ya kupata shahada nyingine, na wengi walihudhuria vipindi vya jioni baada ya kutoka kazini. Kisha kikaja Chuo cha Taifa cha Sheria cha Bangalore, kilichoundwa kwa sheria ya jimbo la Karnataka ya 1986 na kuongozwa na Profesa N. R. Madhava Menon. Kundi la kwanza la wanafunzi lilianza mwaka 1988. Kijana anatoka sekondari, anaingia moja kwa moja, anasoma miaka 5 na kutoka na shahada mbili zilizofungwa pamoja. Mfumo huo ulisambaa nchi nzima, na leo sheria inaweza kuoanishwa na sanaa, biashara, sayansi na hata uhandisi. Menon, ambaye alifariki mwaka 2019, hakuchoka kusema kwamba mtu hajifunzi sheria kwa kukaa darasani tu. Baraza lilimsikia vizuri sana, likayaweka maneno yake kwenye ratiba, likayapa alama.

Hizo alama ndizo zilizomleta mwombaji hapa.

Kanuni za Elimu ya Sheria za 2008 zinataja karatasi 20 za lazima. Kuna falsafa ya sheria, mikataba mara mbili, sheria ya madhara pamoja na ajali za magari na kumlinda mlaji, sheria ya familia mara mbili, jinai na mwenendo wake, katiba mara mbili, mali, ushahidi, mwenendo wa madai, utawala, makampuni, sheria ya kimataifa, kodi, mazingira, na sheria ya kazi mara mbili. Hapo hazijahesabiwa siasa, uchumi, sosholojia na Kiingereza za ile shahada ya kwanza iliyofichwa ndani. Hakuna karatasi hata moja ambayo mtu mwenye busara angeifuta. Tatizo ni kwamba kila mwalimu anaanza upya kana kwamba mwenzake wa chumba cha pili hayupo. Mnamo Desemba 1985 gesi ya oleum ilivuja kwenye kiwanda kimoja cha Delhi, na kesi iliyofunguliwa na wakili M. C. Mehta ikazaa kanuni kwamba mwenye shughuli ya hatari analipa madhara yote bila kisingizio. Kesi hiyo ni johari. Ndiyo maana mwanafunzi huipata kwenye sheria ya madhara, akaipata tena kwenye mazingira, akakutana nayo mara ya tatu kwenye katiba. Gesi imevuja mara moja Delhi, lakini madarasani haijaacha kuvuja.

Mwanafunzi huyohuyo ukimwamsha usiku wa manane atakuambia kwamba kesi ya Kesavananda Bharati ya 1973 ilisikilizwa na majaji 13 kwa siku 68, na kwamba waliamua kwa kura 7 dhidi ya 6 kuwa Bunge haliwezi kuvunja misingi ya Katiba. Mwulize sasa hati ya kumpa wakili mamlaka, ile wanayoiita vakalatnama, hubandikwa stempu gani na nani anatangulia kusaini. Ataomba aruhusiwe kwenda kunywa maji.

Tufike kwenye namba, kwa sababu hapo Baraza na Bunge wamemsaidia sana mwanafunzi kukua kiakili. Tarehe 1 Julai 2024, Kanuni ya Adhabu ya 1860 ya Lord Macaulay, Sheria ya Mwenendo wa Jinai ya 1973 na Sheria ya Ushahidi ya 1872 zilistaafishwa siku moja. Mahali pake zikaingia Bharatiya Nyaya Sanhita, Bharatiya Nagarik Suraksha Sanhita na Bharatiya Sakshya Adhiniyam. Mwezi Mei mwaka huohuo Baraza lilikuwa limeviagiza vyuo vizifundishe kuanzia mwaka wa masomo uliokuwa unakaribia. Walimu walipewa wiki chache kusahau mambo waliyoyafundisha maisha yao yote.

Sehemu kubwa ya yaliyomo haikubadilika, ila namba ndizo zilizohama. Kuua kwa kukusudia kulikuwa kifungu cha 302 kwa zaidi ya miaka 160, na kila aliyewahi kutazama filamu ya Kihindi yenye mahakama alikijua. Sasa ni 103. Kifungu kipya cha 302 kinahusu mtu anayetamka maneno kwa nia ya kuumiza hisia za kidini za mwenzake. Mwanafunzi aliyezoea kukariri akiteleza kidogo kwenye karatasi ya mtihani, muuaji anaondoka na adhabu ya mtu asiyechunga mdomo. Matapeli nao wameonewa. Kule India tapeli huitwa "420" kwa heshima ya kifungu kilichomfunga, na mwaka 1955 Raj Kapoor, nyota ambaye wazee wengi wa pwani yetu wanamkumbuka, aliipa filamu yake jina la Shree 420. Kanuni mpya ina vifungu 358 tu, kwa hiyo tapeli amepokonywa namba yake na kuhamishiwa 318, kifungu kidogo cha 4. Hakuna mtunzi wa filamu atakayethubutu kuweka jina hilo kwenye bango.

Kizuri zaidi ni 144. Chini ya sheria ya zamani ya mwenendo wa jinai, hiyo ndiyo namba ya amri ya kupiga marufuku mikusanyiko, na ilitangazwa kwa vipaza sauti kila mji ulipochafuka. Amri hiyo sasa iko kifungu cha 163. Kifungu cha 144 cha sheria mpya kinahusu matunzo ya mke, watoto na wazazi. Askari mkongwe anayetangaza 144 barabarani leo kwa mazoea, kisheria anawakumbusha waume wajibu wao wa nyumbani. Pengine watu wangetawanyika haraka zaidi.

Makosa yaliyotendwa kabla ya tarehe 1 Julai 2024 bado yanahukumiwa kwa kanuni ya zamani, na mahakama za ngazi ya wilaya nchini India zina mashauri yanayosubiri zaidi ya milioni 40. Mwanafunzi hana budi kujua kanuni zote mbili, ya zamani na mpya. Macaulay amestaafu lakini bado anakuja ofisini kila asubuhi.

Baada ya karatasi hizo 20 ndipo yanapokuja masomo manne ya vitendo, yale Menon aliyoyapigania. Hapa mwombaji anaomba Baraza litulie, kwa kuwa kanuni zenyewe zina uchekeshaji ambao hakuna mwandishi angeweza kuubuni. Katika somo la uandishi wa hati, mwanafunzi anatakiwa kufanya mazoezi 15 ya hati za mashauri na mengine 15 ya hati za mali, kila zoezi kwa alama 3. Zinakuwa 90, na 10 zilizobaki ni za mtihani wa mdomo. Hati ya madai ambayo mteja akiikosea anapoteza nyumba ina thamani ya alama 3. Ombi la dhamana ambalo likiandikwa ovyo mtu analala rumande wiki nyingine nalo ni alama 3. Mpangilio huu una haki ya ajabu: nyumba na rumande vimewekwa sawa, na mwandiko mzuri umewekwa sawa navyo.

Somo lingine linampa mwanafunzi alama 30 kwa kushuhudia kesi mbili, moja ya madai na moja ya jinai, na kuandika alichokiona kwenye daftari. Waliotunga kanuni hii lazima walikuwa watu wa imani kubwa. Shauri la ardhi nchini India linaweza kupita umri wa shahada nzima likiwa bado kwenye mashahidi, na malalamiko kuhusu tarehe baada ya tarehe yameshakuwa usemi wa mitaani tangu mwigizaji Sunny Deol alipoyapaza katika filamu ya Damini ya 1993. Mwanafunzi anakwenda mahakamani Jumanne, kesi inaahirishwa. Anarudi baada ya mwezi, hakimu yuko likizo. Siku ya tatu mawakili wamegoma. Ya nne ana mtihani wa sosholojia. Si siri kwamba madaftari hurithishwa kutoka darasa moja hadi jingine, na shahidi aliyeulizwa maswali miaka kadhaa iliyopita anaendelea kuulizwa maswali yaleyale kwa kalamu mpya kila mwaka.

Lakini Baraza si zembe katika mahudhurio. Mnamo Septemba 2024 liliagiza vyuo viweke mashine za alama za vidole na kamera za usalama madarasani, na wanafunzi wachunguzwe kama wana rekodi za jinai. Hivyo mwanafunzi anayesinzia kwenye somo la kodi analindwa na kamera usiku na mchana. Akivuka barabara kwenda mahakamani, mahali ambapo sheria inaishi, ushahidi pekee wa kwamba alikuwepo ni daftari lake mwenyewe na saini ya mtu aliyekuwa na haraka.

Nje ya majengo ya mahakama ya Tis Hazari, Delhi, kuna watu wanaoweza kulisaidia Baraza. Ni wapiga chapa na wauza stempu wenye meza zao ndogo. Wakili mpya mwenye koti jeusi ambalo bado lina mikunjo ya dukani anafika na karatasi yake, anaambiwa ameacha pambizo finyu, hakutaja mahakama kwa jina kamili, hana kiapo cha kuunga mkono ombi, na vakalatnama yake haina stempu ya mfuko wa ustawi wa mawakili. Mpiga chapa hajasoma Kesavananda Bharati. Anarekebisha, anapiga chapa, anapokea fedha yake. Katika dakika hizo chache wakili mpya amehitimu upya.

Kuhusu lugha, mwombaji atapita haraka. Katiba ya India, ibara ya 348, imeweka Kiingereza kuwa lugha ya Mahakama ya Juu na Mahakama Kuu, na shahada hufundishwa zaidi kwa Kiingereza. Lakini wahitimu wengi wataanzia mahakama za chini, ambako maelezo ya polisi yako kwa Kihindi, Kimarathi au Kitamili, na mteja anaeleza shida yake kwa lugha hiyohiyo huku akilia. Jambo hili mtu wa Dar es Salaam, aliyesikiliza ushahidi wa Kiswahili ukiandikwa kwa Kiingereza miaka nenda rudi, hana ujasiri wa kumcheka mtu nalo.

Mwisho wa safari upo mtihani wa taifa wa mawakili, ulioanza mwaka 2011 na kuthibitishwa na Mahakama ya Juu mwezi Februari 2023. Una maswali 100 ya kuchagua jibu. Baada ya miaka 5, karatasi 20 za lazima na mazoezi 30 ya kuandika hati, mtu anapewa kibali cha kuandika hati za watu wengine kwa mtihani ambao haumtaki aandike hata sentensi moja. Mwezi Aprili 2024 kuna aliyekwenda Mahakama ya Juu kuomba shahada hii ipunguzwe iwe miaka 3 baada ya sekondari. Majaji walimkatalia, wakashangaa kwa nini basi watu wasianze uwakili mara tu wamalizapo shule, na wakaonyesha kuwa hata miaka 5 wanaiona haitoshi. Mwombaji anakubaliana nao. Kwa mpangilio uliopo, hata 10 isingetosha.

Kwa hiyo mwombaji anaomba kwamba kabla ya kupewa shahada kila mwanafunzi aandae, chini ya wakili wa kituo cha msaada wa kisheria, hati zote za shauri moja la kweli la mtu asiye na fedha, na alifuate angalau hadi tarehe ya tatu, hata kama zote ni za kuahirishwa. Anaomba kamera moja ya darasani ihamishiwe kwenye korido ya mahakama. Anaomba gesi ya oleum ipunguziwe darasa moja. Anaomba mpiga chapa mmoja wa Tis Hazari ateuliwe mtahini wa nje wa somo la uandishi wa hati, mwenye mamlaka ya kurudisha karatasi bila kueleza sababu, kama afanyavyo sasa. Anaomba pia nafuu nyingine yoyote ambayo Baraza litaona inafaa, na kila upande ubebe gharama zake.

UTHIBITISHO: Mwombaji anathibitisha kwamba yote yaliyoelezwa hapo juu ni kweli kwa kadiri ya ufahamu wake, isipokuwa baadhi ya pongezi, ambazo ameziweka kwa ushauri wa wakili wake.