Mashine ya Pesa, Chukua Bure
Boston kuna watu wakarimu. Kampuni ya Quantopian, iliyoanzishwa huko mwaka 2011, ilitengeneza programu ya kupimia mbinu za kununua na kuuza hisa kwa kutumia bei za miaka iliyopita. Ikaiita Zipline (si ile ya droni zinazopeleka damu hospitalini Rwanda), na mwaka 2012 ikaimwaga hadharani: chukua, badilisha, gawa. Dunia nzima ikaalikwa kuandika mbinu. Itakayong'ara ingepewa mtaji, na mwenyewe angemegewa faida. Mwaka 2016 tajiri Steven Cohen akaahidi hadi dola milioni 250.

Mbinu zikamiminika, na ziling'ara kweli kweli. Kwa bei za jana, nani asing'are? Nipeni mimi matokeo ya mechi za Jumamosi iliyopita muone kama mkeka wangu utachanika. Taabu ni soko lenyewe, lina kiburi cha kuja na bei mpya kila asubuhi. Mwaka 2020 wawekezaji wakarudishiwa pesa zao, duka likafungwa.

Programu lakini ingali hai. Inatunzwa kwa kujitolea, na mtunzaji hulipwa kwa malalamiko ya watumiaji ambao hawajawahi kuchangia hata senti. Ajabu, maana si ndio hao hao wanaotajirika kwa mashine yake?

Mkweli pekee humo ni leseni. Imetamka wazi kwamba haitoi dhamana ya aina yoyote. Iko mle mle, kwenye faili lisilofunguliwa na mtu.